Karani

Nilipotoka edani, miezi minne na siku kumi,
wa kwanza kunigeuzia mgongo alikuwa punda.

Alisimama uani, nyuma ya nyumba, Langoni,
sikio la kushoto limepasuka tangu zamani,
na kiunoni alama mpya, mbichi,
za fimbo ya shemeji Bunu, aliyemtumikisha
mawe asubuhi, mchanga jioni,
kisha akaja kuniambia nyuma ya pazia:
"Punda wako huyu mkaidi. Muuze."

Famau ndiye aliyemwita Karani,
kwa jinsi alivyoutazama kila mzigo kabla ya kufungwa shogi,
kama anayeuandika daftarini.
Hakumpiga. Alimpigia mluzi:
mfupi, mfupi, kisha mmoja wa kupinda mwishoni
kama kona ya kichochoro.
Nikiusikia jikoni, nilijua niteleke chai.

Basi nikajifunza mluzi.
Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na miwili,
midomo imekauka kwa kulia na kwa uradi,
nikawa napuliza juu ya sufuria
upepo mtupu, mate, upepo.
Mwana Zena akagonga ukuta: "Shoga,
waita nyoka humo ndani?"
Nikacheka. Mara ya kwanza tangu mazishi.

Siku ya tisa ukatoka,
mfupi, mfupi, na ule wa kupinda.
Nikaenda nao uani kama aliyeiba funguo.
Karani akainua kichwa. Masikio yote mawili,
hata lile bovu, yakasimama.
Akatazama nyuma yangu.
Akatazama mlango.
Akangoja.
Kisha akayalaza masikio, taratibu,
nami nikajua nilichofanya:
nimemfisha mtu mara ya pili
mbele ya mnyama ambaye hakuna aliyempa habari
ya mara ya kwanza.

Sikuupiga tena.

Nilileta kigoda. Nikakaa, si mbele yake, ubavuni,
mahali ambapo jicho lake lingeweza kunipata au kuniacha.
Sikumshika. Nilichagua mchele.
Nikasema yaliyokuja: nazi imepanda bei,
bomba la msikiti linavuja, Bunu adai boriti zake,
na jinsi Famau alivyoanguka gatini,
kiatu kimoja kikabaki kwenye ngazi ya tatu,
na kwamba kile kiatu nilikifua.
Nilikifua kwa nini, Karani?
Hilo sijawahi kumwambia binadamu.

Siku nyingine alikula. Siku nyingine alinipa makalio.
Niliyapokea. Hata mimi, edani,
wageni wangu wengi waliondoka na mgongo wangu.

Kidonda cha kiunoni nilikiosha kwa maji ya chumvi
siku aliyokisogeza mwenyewe, si kabla.
Ngozi ikitetemeka, natoa mkono, nahesabu pumzi zake,
narudisha. Baadaye nikajua kuutoa
kabla hajaniomba,
na tangu hapo hakuniomba sana.

Sikumbuki ulikuwa mwezi gani. Mvua ilikuwa imepita,
ua lanuka udongo na samadi,
namsimulia habari ya samli, au ya deni la samli,
Karani akakunja miguu ya mbele,
halafu ya nyuma,
akaushusha mwili wote, mzigo usio wa mtu,
akalala ubavu mchangani mbele ya kigoda changu,
tumbo wazi, shingo wazi,
kama asiyeandika chochote.

Nikanyamaza. Mchele ukabaki na chuya zake.
Mlangoni Bunu alikuwa akipiga hodi,
ataka mawe yake yafike kabla ya adhuhuri.

Nikamwacha apige.